Maji ya Wanga Mbele ya Nyumba

Jumatatu, tarehe mbili Februari. Jua lilianza kuchoma saa mbili asubuhi. Wingu halikuonekana, wala upepo wa kutikisa kamba ya nguo.

Siku hiyo mwenye nyumba alisimama mbele ya nyumba aliyopanga dobi. Palikuwa na miwaridi miwili iliyokauka, na mimea ya majani mapana iliyojikunja kingo kama karatasi iliyopitiwa na moto.

"Fundi, nakupa mwezi mmoja. Hapa pakibaki jangwa, namwaga zege niegeshe gari."

"Sawa, mzee," dobi alijibu, lakini moyo ulimshuka. Chumba cha kupigia pasi kiko mbele, na dirisha lake linatazama magharibi. Zege likishika joto la mchana, chumba kingekuwa tanuri. Mkewe, anayekunja nguo humo, ana presha, na daktari alishamkataza kukaa kwenye joto. Chumba kingine hawana.

Dobi ni mwembamba, miaka hamsini na ushei, na hatupi kitu. Kifungo kikidondoka hukitia kwenye kopo. Maji ya wanga yanayobaki baada ya kukaza kola alikuwa akiyamwaga kwenye mimea, saa saba mchana, maana ndipo sare za shule humalizika. Aliamini anailisha. Ikinyauka, aliongeza ndoo.

Jumamosi alikuja shemeji yake, mdogo wa mkewe, anayeuza miche kitaluni. Alichokoa udongo kwa kijiti. Juu ulibanduka gamba jeupe, gumu. Chini palikuwa pakavu kabisa.

"Shemeji, hii ardhi umeipiga pasi?"

"Nimeipa wanga. Wanga si chakula?"

"Chakula chako wewe. Huu udongo umekakamaa kama kola ya askari, maji yatapita wapi?"

"Mwache," mkewe alisema kutoka dirishani. "Hata mimi aliponioa alitaka kuninyoosha. Akashindwa."

Dobi alicheka kidogo, akaenda kuchukua jembe.

Walivunja gamba lote, wakachanganya samadi iliyooza. Mimea ya majani mapana ilihamishiwa nyuma, kwenye kivuli, na huko ikapona. "Usichague mmea kwa sura, liulize jua kwanza," shemeji alisema. Akaleta mishubiri ya kando ya ukuta, mirehani ya mlangoni, mchaichai wa karibu na geti, na bogenvilia moja ya kupanda kwenye waya hadi juu ya dirisha, ilitie kivuli. Chini walitandaza nyasi kavu. Shemeji aliagiza maji yawe safi, alfajiri, na yamwagwe polepole mpaka yazame.

Wiki ya pili bogenvilia ilipukutisha majani yote. Dobi alishaishika shina aing'oe, akampigia shemeji simu kwanza.

"Iache. Imehama nyumba. Wewe ulipohamia hapo si ulinuna mwezi mzima?"

Aliiacha. Siku ya tisa zilitoka ncha nyekundu, ndogo kama punje za mtama.

Jumatatu, tarehe mbili Machi, mwenye nyumba alirudi. Alizunguka, akavunja jani la mrehani, akanusa. Kisha akapima kwa hatua kutoka getini: moja, mbili, tatu, nne.

"Nusu hii ya getini naichukua, gari lazima lilale ndani. Ya dirishani baki nayo. Mafundi wanakuja kesho saa nne."

Dobi alitazama lile dirisha, akatazama kivuli chembamba cha waya kilichoanguka ukutani.

"Nashukuru, mzee."

Kesho yake aliamka saa kumi na moja alfajiri. Aliung'oa mchaichai wa getini pamoja na udongo wake, akaugawa mafungu matatu, akayapanda chini ya dirisha na kuyamwagia ndoo moja ya maji safi. Ndoo ya wanga ya jana aliibeba hadi kwenye mtaro, akaimwaga, ingawa alisimama nayo kitambo kidogo kabla ya kuiinamisha. Halafu akafungua dirisha, akawasha pasi.