Ukuta wa Marumaru Uliokataa Kutulia

Mwenzetu aliyeijua ile programu ya kompyuta ya kupima uimara wa miamba alipata kazi nje ya nchi akaondoka kwa haraka, na wiki iliyofuata mkubwa wetu akaja mezani kwangu akaniambia kwamba kuanzia sasa ni mimi. Ofisi yetu ilikuwa ndogo, juu ya duka la vyuma hapa Kitengela. Kazi yetu ilikuwa kuwaambia wenye matimbo ya mawe na wajenzi wa barabara kama mwamba wao utasimama au utaanguka. Mkubwa mwenyewe, mzee mpole wa kutoka upande wa Murang'a, alikuwa amefanya kazi hiyo miaka yote kwa kalamu na kikokotoo. Alisema wateja wa siku hizi wanataka kuona picha za rangi, na macho yake hayawezi tena kukaa kwenye skrini.

Nilikuwa nimesomea uhandisi wa migodi, lakini programu ya aina hiyo nilikuwa nimeiona kwa mbali tu, mwalimu akiionyesha ukutani huku nusu ya darasa ikisinzia. Wazo lake si gumu. Unachora mteremko jinsi ulivyo, unaugawa kwa pembetatu ndogo kama wavu, unaiambia kompyuta mwamba una uzito gani na nguvu gani, halafu unauachia uvutano wa dunia na kusubiri. Vipande vinasukumana mpaka vitulie. Vikitulia, ukuta umesimama. Visipotulia, kuna jambo, na programu haikuambii ni jambo gani.

Mwanzoni hakuna kilichotulia. Nilisahau kuzuia sehemu ya chini ya mchoro na mlima mzima ukateremka nje ya skrini. Siku nyingine nilichanganya vipimo na mwamba ukawa laini kama uji. Stima ilipotea mara kwa mara, na hesabu iliyokuwa ikiendelea asubuhi yote ikapotea nayo. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hisabati, aliniambia siku hizi nakula nikiangalia sahani kana kwamba wali nao uko na nyufa.

Mkubwa alinipa mteremko rahisi ambao jibu lake alikuwa amelipata kwa kalamu. Aliniambia nisiguse kazi ya mteja mpaka jibu langu lifanane na lake. Siku lilipofanana aliangalia karatasi zote mbili, akatikisa kichwa taratibu.

"Hiyo kitu inaamini chochote unachoiambia," akasema. "Usiisahau hiyo."

Baadaye ikaja kazi ya Kajiado. Lilikuwa timbo la marumaru, mbele ya mji ukielekea Bissil. Msimamizi wake alikuwa mwanamume wa makamo, mwenyeji wa huko, aliyenisalimu kwa Kimaasai na kufurahi nilipoitikia "Ipa" bila kusita. Walitaka kuchimba zaidi chini ya ukuta mrefu kuliko zote, kwa sababu jiwe jeupe safi lilikuwa linaelekea huko. Nilipima mielekeo ya nyufa siku nzima, nikapiga picha, nikarudi ofisini.

Mfano wangu wa kwanza ulichukulia mwamba kuwa kipande kimoja, kama tunavyoanza kawaida. Ulitulia vizuri, rangi ya buluu kila mahali, yaani hakuna kinachosogea. Mkubwa alimwambia msimamizi kwa simu kwamba picha ya kwanza inaonekana nzuri, asubiri ripoti. Hakusubiri. Siku chache baadaye nilisikia amepeleka mashine ya kutoboa mwamba chini ya ukuta ule.

Mimi nilikuwa bado na ufa mmoja niliouona siku ile ya kupima. Ulikuwa juu, nyuma ya ukingo, umejaa udongo mwekundu na nyasi, na ulionekana kuinama kuelekea shimoni. Nikauweka kwenye mfano. Nikawasha hesabu nikaenda kunywa chai. Niliporudi, mstari unaoonyesha mwendo wa ukuta ulikuwa unapanda bila dalili ya kusimama.

Mkubwa alikuwa Murang'a kwenye mazishi. Nilimpigia nikamweleza. Nyuma yake nilisikia watu wakiimba.

"Ni mwamba au ni wewe?" akauliza.

Nikamwambia sijui.

"Basi tafuta ujue."

Nilijua kuna watu wanatoboa mashimo chini ya ukuta ule wakati mimi nahangaika na pembetatu. Nilizifanya pembetatu ziwe ndogo zaidi, ukuta ukaendelea kuteleza. Niliuondoa ufa, ukatulia. Nikaurudisha, ukateleza tena. Lakini hata hayo hayakunitosha, kwa maana kosa langu lingeweza kuwa kwenye ufa wenyewe, kwa namna nilivyoueleza. Mwishowe nikafunga programu na kuchukua kalamu. Nilihesabu kipande kimoja kikubwa cha jiwe kilichokaa juu ya mteremko wa udongo wa ule ufa, jinsi mzee alivyonifundisha. Udongo ukiwa mkavu, jiwe linashikilia, lakini kidogo sana. Maji yakijaa ufa, halishikilii.

Nje, upande wa kusini, mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Ulikuwa msimu wa mvua.

Nilimpigia msimamizi, simu ikalia bila kujibiwa. Nikampigia tena, vivyo hivyo. Nikampigia mkubwa. Safari hii hakuniuliza maswali mengi. Alisema niende nikawaambie mwenyewe, na kwamba lolote litakalofuata yuko nyuma yangu.

Niliendesha pikapu ya ofisi kuelekea Kajiado nikiwa nimeshika usukani kama mtu anayejifunza. Kabla ya kufika Isinya matone ya kwanza yaligonga kioo, yakaacha. Niliposhuka kwenye timbo nilisikia mashine ikinguruma chini. Wanaume watatu walikuwa wameinama kando yake, migongo yao imeelekea ukuta.

Msimamizi alikuja akipangusa mikono. Nilifungua laptopu juu ya boneti, lakini mwanga ulikuwa mkali na hakuona kitu zaidi ya uso wake mwenyewe.

"Mzee wako aliniambia iko sawa," alisema.

"Alikuambia picha ya kwanza. Nimeweka ule ufa wa juu, na sasa ukuta hautulii. Mvua ikiingia ndani yake itakuwa mbaya zaidi."

Alinieleza kwamba ukuta ule umesimama tangu aanze kazi hapo, umepigwa baruti na haujatikisika. Alikuwa na lori zinazosubiri mawe. Halafu akaniuliza swali nililokuwa naliogopa njia nzima.

"Madam, una hakika?"

Nilitamani kusema ndiyo. Neno lilikuwa mdomoni.

"Hakika sina," nikamwambia. "Niko na sababu ya kuogopa, na hao watu wako chini yake."

"Na usipoanguka?"

"Utanilaumu mimi."

Tulipanda pamoja mpaka juu. Ufa ulikuwa vilevile nilivyouacha, nyasi zake zimesimama, hakuna dalili mpya. Yeye alisimama ukingoni akiangalia chini kwa muda mrefu, halafu akaweka vidole mdomoni akapiga mluzi. Mashine ikazimwa. Aliwapungia mkono watoke, na walipokuwa wanauliza kwa ishara kama wabebe vifaa, aliwapungia tena kwa ukali.

Tulipigilia vigingi pande zote mbili za ufa, na mlinzi akakubali kupima umbali kati yao kila asubuhi na kunitumia. Kisha mvua ikanyesha kweli. Kila asubuhi nilisubiri ujumbe wa mlinzi kabla ya kunywa chai, na kila asubuhi kipimo kilikuwa kilekile. Msimamizi alinipigia simu fupi, kila moja fupi kuliko ya jana yake. Wafanyakazi walikuwa wamekaa getini bila kazi. Mkubwa alirudi kutoka mazishini, akasoma hesabu yangu mara mbili, akasema angefanya vilevile, lakini nilimwona akitazama dirishani kila mvua ilipokatika. Niliendesha ule mfano tena na tena nikitafuta mahali nilipokosea. Sehemu fulani ya moyo wangu, naona haya kuisema, ilianza kutamani ukuta uanguke.

Kisha kipimo kikaongezeka kidogo. Kesho yake kikaongezeka zaidi. Asubuhi moja hakukuja ujumbe, ikaja simu. Mlinzi alisema umeshuka.

Nilifika na mkubwa. Haukuwa umeanguka ukuta wote, wala haukuanguka pale palipokuwa pekundu kwenye mfano wangu. Katikati, ambako programu ilionyesha mwendo mkubwa zaidi, bado kulisimama. Upande wa kushoto ndio uliokuwa umekatika, pale ufa ulipokutana na mwingine ambao nyasi zilikuwa zimeufunika nami sikuuona. Mawe yenye ukubwa wa nyumba yalikuwa yamefunika mashimo yote yaliyotobolewa. Hakuna aliyekuwa chini. Nilidhani nitafurahi, lakini nilitafuta mahali pa kukaa nikakaa juu ya gurudumu kuukuu.

Msimamizi alikuja akasimama karibu nami.

"Hapo ndipo walikuwa," akasema.

Hakusema asante, na sikuitarajia. Alinyoosha mkono kuelekea sehemu ya katikati iliyobaki.

"Na hiyo?"

Nilimwambia sijui bado. Nilimwambia nitapanda tena kupima nyufa zote, safari hii nikifyeka nyasi mpaka mwisho wa ukingo, na kwamba kabla ya hapo asiruhusu mtu yeyote kushuka. Aligeuka, akamwambia mlinzi afunge geti.