Watu Wanne na Mbwa

Mkuu wa kitengo cha kufungasha, katika kiwanda kimoja cha biskuti za mchele nje kidogo ya mji wa Niigata, aliacha kazi mwishoni mwa baridi kwa sababu ya vidonda vya tumbo, na kiti chake akapewa Shiomi Kanae. Hakukiomba. Aliitwa ofisini, akaambiwa, akainama kushukuru kama inavyopasa, kisha akarudi kwenye mkanda wa mashine kumalizia katoni zake, maana hakujua afanye nini kingine.

Alikuwa anakaribia miaka arobaini na aliishi peke yake. Starehe yake tangu utotoni ilikuwa gemu za vita. Si zile za kufyatua risasi ovyo. Zake zilikuwa za taratibu, uwanja umegawanywa miraba, una kikosi chako, huyu mpiga upinde, yule mganga, unamsogeza mmoja mmoja, halafu adui naye anachukua zamu yake. Kila askari ana jina na kisa chake, na kwa nyingi ya gemu hizo akifa ndiyo basi. Kanae hakuwahi kukubali kufiwa. Askari mmoja akianguka, alizima na kuanza vita upya, hata kama jioni nzima ilikuwa imeishia hapo.

Kiwandani, mtu aliyemfundisha kazi alikuwa Bi Numata, mwanamke wa makamo mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Kwa miaka mingi walikula pamoja mchana, kila mtu na boksi lake la wali. Siku ya kwanza ya ukuu wake Kanae alikwenda kwenye meza ileile, na mazungumzo yakakatika.

"Karibu, bosi," alisema Bi Numata, akisogeza kikombe chake cha chai. "Sogeeni jamani, mwenye nyumba kafika. Bosi, tunaomba ruhusa ya kutafuna."

Wakacheka, na Kanae naye akacheka. Kesho yake alikula ofisini, akiangalia ukuta.

Kilichomchosha hasa ni kuulizwa. Asubuhi hajavua koti, watu wamesimama mlangoni: huyu mtoto wake ana homa, yule hataki kukaa karibu na yule, lebo zimekuja za rangi nyingine. Na kumwambia mtu afanye jambo hakuweza. Mtu akikosekana, Kanae alivaa kofia na glavu akaziba pengo mwenyewe, ripoti akaziandika baada ya wenzake kuondoka. Mvua za mwezi wa sita zilipoanza, miguu yake ilikuwa imevimba.

Jumamosi moja alipita kwenye duka la gemu zilizotumika la Bwana Igarashi, mtu mnene aliyependa kuuza kuliko kusikiliza.

"Hii hapa," alisema Igarashi, akiweka kasha mezani. "Kikosi cha watu themanini. Unawapangia vyeo, unawapangia vyumba, hata nani ale na nani."

"Hiyo sitaki."

"Kwa nini? Wewe si ndiyo mambo yako?"

"Watu ninao," alisema Kanae. "Nataka yenye watu wachache."

Igarashi akamtazama, akajikuna shingo, akainama chini ya kaunta. Akatoka na kasha lililopauka kwa jua. "Hii ina watu wanne na mbwa."

"Mbwa anafanya nini?"

"Anabweka. Adui akishtuka anakosa zamu."

"Wanagombana?"

"Hao wanne? Hawasemi neno. Ni gemu ya zamani, walioitengeneza walibana nafasi ya maneno."

Akainunua. Jumapili mchana akaketi sakafuni na bakuli la tambi, akamsogeza mpiga upinde miraba miwili, akaanza kufikiri amweke wapi mganga, na usingizi ukamchukua hapohapo. Alipoamka tambi zilikuwa zimevimba, na wale wanne bado wamesimama wakimngoja.

Wiki hizo mashine mpya ya kuziba pakiti ilikuwa imefika, na wakubwa walitaka isimamiwe na mtu mzoefu. Mzoefu alikuwa Bi Numata, naye alishasema mbele ya wote kwamba ile mashine ina kelele na haitaki. Kanae akaisimamia yeye mwenyewe, juu ya kazi zake zote, mpaka alasiri moja aliposinzia akiwa wima, na rundo zima la pakiti likapita midomo wazi, biskuti zikimwagika mkandani. Bi Numata ndiye aliyekimbia kubonyeza kitufe chekundu.

Walipomaliza kufagia, alimkuta Kanae kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi na glavu mkononi.

"Umekula leo?"

"Nimekula."

"Mwongo. Kwa nini hukuniambia niende kwenye ile mashine?"

"Ulisema hutaki, dada."

"Nilisema sitaki. Nani kakwambia nilisema siendi?" Bi Numata akaketi benchi la pili, akishika kiuno. "Unatunyang'anya kazi, halafu unatuangukia. Haya, niambie sasa. Na usiniite dada hapa."

Kanae akaweka glavu benchini.

"Bi Numata, kuanzia Jumatatu utasimamia mashine mpya."

"Sitaki."

"Najua."

"Sawa, Mkuu," alisema Bi Numata, safari hii bila kicheko, akachukua mkoba wake akatoka.

Kanae hakuona nafuu yoyote. Aliona kwamba meza ya mchana sasa imekwenda kabisa, na kwamba yeye ndiye aliyeisukuma.

Jumatatu Bi Numata alisimama kwenye mashine, amenuna, masikio ameyaziba. Mara mbili alimwita Kanae kwa mkono aje asikie ile ngurumo. Kanae akaja, akasikia, akasema ataomba fundi. Mashine hakuigusa. Jioni alitoka na wenzake, bado kuna mwanga, akasukuma baiskeli yake kwa miguu hadi nyumbani kwa sababu hakuwa na nguvu za kuipanda, akalala na nguo za kazi.