Unga wa Kopo Badala ya Isyo

Mpaka leo nikiona kopo la unga wa kupunguza mwili, nasonya. Mnisamehe, lakini nasonya.

Dada yangu mkubwa aliuza ndengu na maharagwe sokoni Kwa Vonza, na alikuwa na mwili wake, si haba. Miaka ya tisini hiyo, uvimbe ukamwota tumboni. Daktari akamwambia wazi: hampasui mpaka apunguze uzito, la sivyo huenda asiamke tena mezani. Dada akaogopa. Mimi pia niliogopa.

Basi akatokea mke wa mwinjilisti wetu na makopo yake kutoka Nairobi. Asubuhi uache chai na isyo, yale mahindi na maharagwe ya jana ya kupasha moto. Ukoroge vijiko viwili vya unga kwenye maji, basi, mpaka saa saba. "Mafuta yatayeyuka, mama, nyama ibaki," akasema, huku akimpima kiuno kwa futi ya fundi cherehani. Utadhani amesomea udaktari! Unga wenyewe ulinuka chaki.

Na ulimpunguza, wacha niseme kweli. Lakini ulianzia usoni. Mashavu yakaingia, mikono ikalegea hata gunia la ndengu likamshinda kusukuma, na kile kiuno kilichopimwa kikabaki palepale. Hata hivyo daktari alifurahia mizani, akampangia siku ya upasuaji.

Sokoni hawakufurahi. Miaka ile, mtu akikonda ghafla, ni ukimwi, kesi imekwisha. Wateja wakahamia meza ya jirani. Kisha jioni moja akina mama wa kanisa wakaja nyumbani na sufuria za chakula, kumwombea. Na nani aliongoza maombi? Huyohuyo wa makopo! Akaweka mkono kichwani mwa dada, akatoa machozi, akamsihi atubu kabla ugonjwa haujammaliza. Ala! Nikamwuliza, "Mama, si wewe uliyemkondesha?" Akanitazama kwa huruma, akasema unga wake haukondeshi mtu hivyo.

Dada aliumia sana. Kesho yake akabeba isyo sokoni, sahani imejaa, chapati juu, akala mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Dada, ngoja upasuliwe kwanza." Akanijibu, "Wewe huna binti wa kuolewa. Wangu nani atawaposa?" Akala hivyo kila asubuhi. Mashavu yakarudi, wateja nao wakarudi. Siku ya upasuaji ilipofika, daktari akatazama mizani, akamrudisha nyumbani.

Uvimbe haukumngoja. Tulipomzika, akina mama walewale walikaa uani kwetu na vikombe vya chai, wakisifu jinsi dada alivyokuwa na afya mpaka mwisho, mwili mzuri, hata ugonjwa haukumkondesha. Niliwaambia wanywe haraka waende kwao.