Mfuniko Uliomjua Mume Wangu

Tri-tri-tri-tri.

Umeme ulikuwa umekatika, giza totoro, na mfuniko wa sufuria ulikuwa unacheza wenyewe juu ya jiko lililozimwa.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amekuja kunisema, akapandisha miguu yote juu ya kochi.

"Binti, humu ndani kuna nini?"

"Ni mume wangu, mama."

"Mume wako? Yuko wapi?"

"Bado yuko kule barabara kuu."

Binti yetu wa miaka miwili akaacha mdoli wake, akapapasa gizani mpaka mlangoni, akasimama kungoja. Mfuniko ukilia tu, anajua baba anakuja.

Na kweli. GRRROOOOM! Vioo vya madirisha vikaitikia, mbwa wakabweka, mtu kule nyuma akatukana.

Jamani, hilo gari! Limezeeka kiasi cha kuweza kutuzaa mimi na mume wangu. Aliachiwa na mjomba wake, na lilikuwa na adabu zake mpaka siku alipokata sailensa na kuchomelea bomba moja nyoofu kutoka kwenye injini mpaka nyuma.

"Injini inataka kupumua, mke wangu," aliniambia siku ile.

"Hiyo inapumua au inaharisha?"

Nilipomsimulia hayo, mama mwenye nyumba hakucheka. "Jumamosi nikilisikia tena, mtatafuta pa kwenda kulipumulisha."

Chumba kingine ningepata. Lakini yeye ndiye aliyekuwa anabaki na mtoto nikienda darasa la jioni, na nilikuwa nimebakiza muhula mmoja tu nipate cheti. Kuhama pale ilikuwa ni kuacha shule.

Nikamweleza mume wangu. Akasema, "Huyo atazoea tu."

Basi nikajiongeza. Ijumaa asubuhi nikachukua sufi za chuma za kusugulia masufuria, nikazisokomeza ndani ya bomba kwa mpini wa ufagio. Sayansi ya jikoni.

Mume wangu akawasha.

Gari likanyamaza kwa mshangao. Likakohoa. Kisha PAAA!

Sufi zikaruka, nyeusi tii, zikatua kwenye shuka jeupe la mama mwenye nyumba, bado bichi kambani.

Akatoka. Akalitazama shuka. Akatutazama sisi.

"Anzeni kufunga mizigo."

Mume wangu alicheka mpaka akashika mbavu. Akaingia ndani bado anacheka, akanikuta nakunja nguo za mtoto juu ya vitabu vyangu vya darasani. Kicheko kikakatika. Akachukua funguo, akalipeleka gari kwa fundi.

Fundi wa kuchomelea hakumbembeleza. "Kaka, kelele siyo nguvu. Hili gari umelipa mdomo tu."

Akamrudishia sailensa mbili, moja katikati na moja nyuma, akabadilisha na raba za kuning'inizia bomba, maana sehemu kubwa ya ule mtikisiko lilikuwa bomba lenyewe likigonga sakafu ya gari.

Nikambembeleza mama mwenye nyumba atupe nafasi ya mwisho, na Jumamosi jioni akaja kusikiliza. Alikaa kochi lilelile, karibu na jiko, mkongojo mapajani, kama hakimu. Mfuniko umetulia juu ya jiko.

Mara mlango ukafunguka. Mume wangu huyo, mikono kaitandaza.

"Mama, umesikia chochote?"

"Sijasikia."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mtakaa. Na shuka langu utalifua wewe, kwa mikono yako."

Nilitaka kupiga vigelegele. Ila binti yetu hakunyanyuka. Alimtazama baba yake, akautazama mfuniko, akarudi kwa mdoli wake.

"Njoo kwa baba, basi."

Wapi! Mtoto akatikisa kichwa, akaonyesha mfuniko kwa kidole. Kwake yeye, mtu aliyeingia bila mfuniko kulia hakuwa amefika bado.

Dume zima likakaa kizingitini, limenywea kama kuku aliyenyeshewa. "Yaani mwanangu hanitambui?"

Ndugu zangu, ukitaka kuzima kelele za mtu, uliza kwanza kama kuna anayezisubiri. Mimi sikuuliza.

Na mtu aliyelijua hilo kabla yangu ni yuleyule niliyekuwa namwogopa. Alisonya, akanyoosha mkongojo wake polepole mpaka jikoni, akautikisa mfuniko kwa ncha yake.

Tri-tri-tri-tri.

Mdoli ukaruka huko. Mtoto akakimbia mlangoni, akamkumbatia mume wangu shingoni.

"Baba amefika," akatutangazia.