Fremu Isiyo na Picha Nayo Huhesabiwa

Kwenye skrini, kishale kimesimama kati ya fremu ya arobaini na ile ya arobaini na moja. Mwanamke mwenye kipanya mkononi hakisogezi. Nyuma yake mashine ya kuchapa inanguruma, karatasi zinashuka moja juu ya nyingine, na harufu ya wino imejaa chumba kizima.

"Mama Mistari, umelala au unaomba dua?" fundi wa mashine anapaza sauti ili asikike.

"Nafikiri."

"Fikiri upesi, dada. Bango linaingia kesho mchana. Ukinichelewesha nitalichapa lilivyo, hata kama watu wako miguu juu vichwa chini."

Anacheka, lakini kishale hakiondoki pale kilipo.

Jina la Mama Mistari alipewa na wenzake kwa sababu mstari uliopinda humnyima raha. Kazi yake ni kupanga kurasa. Maneno, picha na namba hupitia kwenye skrini yake kwanza, na kila kimoja hupewa mahali pake kabla ya kwenda kuchapwa. Hakusomea popote. Alianza hapa akiwa mfagizi.

"Nilikuwa nikifuta vumbi kwenye kibodi, kitu kinatokea kwenye skrini," anasema. "Nikawa najiuliza, hiki kimetokeaje? Basi bosi akienda kula, mimi nabaki nafuta vumbi. Sidhani kama kuna kibodi iliyowahi kufutwa vizuri kama ile."

Siku hizo namba ziliingizwa kwa kibodi, moja moja: kalenda, tiketi, kadi za foleni. Kazi ya namba peke yake ilikula siku nzima, na malipo yake hayakutosha hata dawa ya kuchua kiganja.

"Ukikosea moja katikati, zote zilizobaki zimekwenda na maji. Unafuta, unaanza upya."

Kisha, katika kupapasapapasa kwake, akagundua kwamba fremu zinaweza kutungwa kwenye uzi mmoja kama shanga, na kila moja ikaambiwa: wewe chukua namba inayomfuata mwenzako. Alibonyeza mara moja tu.

"Zilikimbia kutoka juu mpaka chini kama maji kwenye mfereji. Niliinuka kwenye kiti. Nisikufiche, niliogopa."

Miaka imepita, lakini hofu ile njema haijamtoka. Mpaka leo, namba zinapokimbia, huinua mikono yote miwili kutoka kwenye kibodi, kama mtu anayempisha mkubwa apite mlangoni.

Bango lililo mbele yake litatundikwa kwenye ukumbi mrefu wa wodi ya wazazi. Lina nyuso zaidi ya mia tatu, zote za watu waliopokelewa na mkunga mmoja ambaye sasa anastaafu. Wapo wenye mvi na wapo wasio na meno bado. Mama Mistari mwenyewe yumo. Ni wa arobaini na moja.

Mwanzoni alizipanga picha kwa jinsi zilivyoletwa. Alipobonyeza, namba zikafuata mpangilio huohuo. Mkunga alikuja kutazama, akavaa miwani, akaangua kicheko.

"Mwanangu, huyu wa kwanza ni mtoto wa shule! Huyu wa tisini ndiye mama yake. Umeona wapi binti akamtangulia mama yake kuzaliwa?"

Basi wakakaa bega kwa bega, mkunga akikumbuka, yeye akipanga. Huyu alikuja siku bomba lilipopasuka, tukatembea majini. Huyu alikuja baada ya yule mwenye kovu. Huyu alitangulia miguu, na mpaka leo hafanyi jambo kama wengine. Kila alipopachikwa mtu katikati, wote waliokuwa nyuma yake walisogea hatua moja. Waliokuwa ukingoni mwa mstari walishukia mstari wa chini, kila mmoja na namba yake mpya.

"Kama watu kwenye benchi," mkunga alisema. "Mgeni akija, mnabanana, anapata pa kukaa."

Lakini mkunga alikuwa na sharti moja. "Nataka wote niliowapokea. Si waliolia tu."

Mama Mistari hakuelewa mara moja. Alipoelewa kwamba anawataja pia waliozaliwa bila uhai, alikishika kipanya. Kisha akajaribu: akachora fremu tupu, nyeupe, isiyo na uso, akaitunga kwenye uzi katikati ya watu wawili. Akabonyeza. Namba zikakimbia. Ile tupu ikapata namba yake kama wenzake.

"Mashine haiulizi kama ndani kuna picha," anasema, na sauti yake inashuka. "Inahesabu fremu. Nimefanya kazi hii miaka yote hiyo, sikuwahi kuliona jambo hilo."

Fremu nyeupe sasa ziko kumi na tisa, kila moja kwa ridhaa ya wazazi. Baba mmoja, dereva wa lori, alikuja na nguo zake za safari, akaoneshwa namba ya mwanawe, akaisoma kwa sauti, akatoka bila kuaga. Baada ya muda alirudi kushukuru.

Inabaki moja, na hiyo ndiyo iliyokizuia kishale.

Nyumbani kwao Mama Mistari huitwa kifungua mimba. Hata hivyo, tangu utotoni alisikia mashangazi wakinong'ona kwamba alitanguliwa na mwingine, ambaye hakulia. Mama yake hajawahi kulitaja. Na mkunga, alipofika kwenye namba ya Mama Mistari, alivua miwani.

"Kabla yako yupo mmoja," alisema. "Lakini mimi siwezi kukupa ruhusa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kamuulize mwenyewe."

Alimuuliza wiki iliyopita, jikoni. Mama alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakitupa dirishani.

"Chakula kitachelewa," alisema.

Saa kumi jioni mlango wa duka la uchapaji unasukumwa polepole. Anaingia mwanamke mzee mwenye mkoba, ambaye hajawahi kukanyaga hapa.

"Umesahau miwani yako," anamwambia binti yake.

Mama Mistari anaigusa miwani iliyo usoni pake. "Hiyo ni ya zamani, mama. Hii hapa nimeivaa."

"Basi nimekuletea ya zamani."

Fundi anasogeza kiti. "Shikamoo mama. Karibu. Kaa hapa, ila wino usikuguse, haujui mgeni."

"Marahaba, baba." Anaketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, anaitazama skrini. "Namba hizo unaziandika wewe?"

"Hapana, mama. Zinajipanga. Nikimweka mtu katikati, wote wa nyuma wanasogea kumpisha."

"Bila kunung'unika?"

"Bila kunung'unika."

"Hata kama hana picha?"

"Hata kama hana picha. Zinahesabu fremu."

Fundi, bila kuambiwa na mtu, anazima mashine yake. Chumba kinanyamaza mpaka feni ya kompyuta inasikika.

"Mweke," mama anasema.

Fremu nyeupe inashuka kati ya ya arobaini na ya arobaini na moja. Mama Mistari anabonyeza, anainua mikono. Namba zinakimbia. Watu zaidi ya mia mbili wanasogea kwa pamoja, mstari kwa mstari, mpaka kichanga cha mwisho kabisa kule chini. Kisha panatulia.

Mama ananyoosha kidole, anakiweka juu ya kioo. Kwa kawaida Mama Mistari haruhusu mtu kuigusa skrini yake. Leo anamwacha.

"Huyu ndiye yeye?"

"Ndiye. Wa arobaini na moja."

"Na wewe?"

"Wa arobaini na mbili. Nimekuwa mdogo wake."

"Siku zote ulikuwa mdogo wake," mama anasema, na kidole hakitoki kwenye kioo.

Fundi anapenga kamasi, anasingizia vumbi la karatasi. Anauliza kama sasa bango linaweza kuja kwake. Haliwezi. Mkunga amepiga simu: kuna familia italeta picha kesho asubuhi, ya mtu aliyezaliwa mwanzo mwanzo kabisa, kabla hata ya yule wa kumi.

"Kwa hiyo watasogea tena?" mama anauliza.

"Watasogea. Yeye atakuwa wa arobaini na mbili, mimi wa arobaini na tatu."

"Pamoja?"

"Pamoja, mama. Bango likitundikwa, nataka twende tukasimame mbele yake, mimi na wewe."

Anahifadhi kazi, anaifunika kompyuta kwa kitambaa chake. Fundi tayari ameshika lango la chuma, anasubiri watoke.

Mlangoni mama anasimama, anaikunjua ile miwani ya zamani, anaijaribu machoni pake, anakunja uso.

"Hii haifai," anasema. "Kesho nakuja na yangu. Nataka kuwaona vizuri mkisogea."