Baiskeli Iliyotolewa Ndani ya Eda

Wapo watakaosema nilikuwa nimelewa. Tembo sijapata kuionja maishani mwangu. Wengine watasema jua lilinipiga. Haya, mguu wangu huu wa kulia nao nani aliupiga? Mambo haya yamenipata mwenyewe, na wa kulaumiwa namtaja: Sefu Mwinyikondo, shemeji yangu. Yuko hai, kila asubuhi anakunywa kahawa barazani kama mtu mwema.

Miaka ile watu wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, mimi nilikuwa fundi baiskeli Bagamoyo, na mwenyewe sina baiskeli. Mama yangu alikuwa Fukayosi, anaumwa kifua. Sefu akaniambia tukachukue baiskeli ya marehemu Mzee Pazi, baba yake mkubwa.

"Itengeneze, uwe unamwendea mama yako. Nikiitaka, unanipa."

"Mirathi imeshagawiwa?"

"Wewe fundi au kadhi?" Akacheka.

Nilijua haijagawiwa. Hata arobaini ya mzee ilikuwa bado. Mjane wake, Bi Mwanaidi, alikuwa ndani amekaa eda, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, na baiskeli imeegemea ukuta wa uani kwake. Tulipoishika nikamsikia dirishani: "Nani huyo anagusa kitu cha mume wangu?" Sefu akaniwekea kidole mdomoni. Tukaisukuma hadi nje.

Ilikuwa kutu tupu. Siku sita niliihangaikia. Cheni nikailoweka kwenye mafuta ya taa, rimu nikainyoosha njiti moja moja, nikabadilisha gololi, breki nikazitia mipira mipya. Chini ya kiti nilikuta kipande cha kanga, kimefungwa ili kiti kisilie. Nikakikata, nikafutia grisi.

Siku ya saba ikaja habari: mama hata uji haupiti, njoo umpeleke hospitali. Nikatoka asubuhi ile ile. Nimeshapita Makurunge, jua la utosi, baiskeli inateleza kama maji, nikamkuta mzee wa kanzu kasimama peke yake njiani.

"Shikamoo, babu."

Hakuitika marahaba. Alisema tu, "Nipakie." Mtu mzima akikuomba keria, utamkataa? Nikampakia.

Tukashika njia. Halafu nasikia mgongoni: "Una mkono mzuri. Mimi breki hizi zilinishinda." Tukaenda tena kidogo. "Ile kanga ya mke wangu, chini ya kiti, umeipeleka wapi?"

Nikageuka. Keria tupu. Lakini uzito upo, wallahi, tena unazidi. Usukani ukajigeuza wenyewe kurudi Bagamoyo. Nikabana breki, hazikushika. Nikataka kuruka, nyayo hazibanduki. Si miguu yangu iliyozungusha pedali, pedali ndizo zilizozungusha miguu yangu. Nikalia, "Mama yangu, mzee! Mama yangu ananingoja!" Watu wa Makurunge wakanipungia mkono, wakadhani nina haraka zangu.

Ikaja kusimama uani kwa Bi Mwanaidi, kwenye ukuta ule ule. Nikaanguka chini, mguu wa kulia haunyanyuki. Dirishani nikasikia, "Umeirudisha, mwanangu? Ahsante. Kila usiku ananiuliza iko wapi."

Fukayosi nilifika kesho yake, nimebebwa kwenye lori la magunia. Mama keshazikwa. Walisema alikuwa akitega sikio kila kengele ya baiskeli inapopita.

Mguu haukupata nguvu tena, naukokota hadi leo. Baiskeli za watu natengeneza, kupanda sipandi. Na Sefu? Alikuja matangani, akanipa pole, kisha akaniinamia sikioni: "Baiskeli umeiweka wapi?"

Nawe unayesoma, ukipewa kitu cha marehemu usimsikilize anayekupa. Kama mjane yumo ndani ya eda, ngoja atoke umuulize yeye. Na ukimwamkia mtu mzima njiani asikuitikie, usisimame. Sefu namlaumu mpaka kaburini. Lakini yule mjane aliuliza, na mimi nilikuwa na mdomo. Kilichouziba kilikuwa kidole kimoja tu.