Kufuli la Choo Changu

Sasa maji yanateremka vizuri, naweza kusimulia. Nilirudi Nyeri kutoka Uingereza na diploma ya umeme, nikajijengea nyumba yenye choo cha kuketi ndani. Kwa hiyo manispaa ilipotangaza kuwachangia wenye nyumba gharama ya kuunganisha bomba la majitaka, nilitamba mbele ya majirani, "Huo ni msaada wa maskini!"

Haukupita muda, tangi letu la majitaka likajaa. Nilikifunga choo kwa kufuli, mimi na mke wangu tukawa tunajipenyeza kwa jirani gizani.

Jumamosi mama mkwe akaja kutoka Chaka. Alienda kunawa mikono, akarudi, akakataa chai. Kwetu hilo ni tusi. Nikaona amenidharau, nikamsimulia Uingereza upya.

Mara wachimbaji wa manispaa wakabisha. "Mzee, mama watoto alikuja ofisini kuomba msaada. Hilo tangi lililojaa liko wapi?"

Niliwaonyesha nyuma ya nyumba kwa kidole. Mama mkwe akashusha pumzi ndefu, akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Ati limejaa? Na mimi nilipoona kufuli, nikajua mkwe wangu ananinyima choo!"